Dada uliyenishika mkono siku ile, asante

Dada muuguzi, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Miezi saba nilitokwa damu nje ya siku zangu, na mtaani nilishaambiwa vinyama vya kizazi dawa yake ni kutolewa kizazi chote. Wewe ulivuta kiti, ukachora mji wa mimba nyuma ya kadi yangu, ukaweka nukta: "Kinyama chako, yaani polipu, ndicho hiki, mama. Kizazi hakitolewi."

Ukanieleza kwamba daktari angepitishia ukeni kamera nyembamba kama mrija wa soda, bila kisu tumboni. Maji ya chumvi yatanue mji wa mimba aone kila pembe, kisha akikate kinyama kwenye shina lake. Kukwangua bila kuona, ulisema, kunaweza kukiacha palepale.

Maumivu yalikuja kama ya hedhi, nawe hukuuachia mkono wangu. Nilikiona kwenye skrini, chekundu, kinayumba majini kama mwani. Jioni nilikuwa kwangu.

Ulinisisitiza mara mbili nifuate majibu ya maabara. Nimeyachukua jana: si saratani. Mungu akulipe, dada yangu, popote ulipo zamu leo.