Zile ridi hazikuwa mbovu

Majengo, Moshi
Jumapili jioni

Kaka Baba Gladi,

Shimboni. Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, ila mvua. Imenyesha mpaka kuku wamegoma kutoka bandani. Mama Upendo anakusalimu, anasema habari ya ule mkeka hajaisahau. Mkeka gani sijui, mtajuana wenyewe.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Tangu ile harusi ya Himo sijakutafuta, na simu zako mbili niliziona zikiita nikaziacha ziite. Leo nina mambo mawili, moja la kukiri na moja la kuomba. Nianze na la kukiri kabla ujasiri haujaniishia: zile ridi za saksafoni ulizonipa, vile vipande vyembamba vya tete vinavyotoa sauti ukipuliza, hazikuwa mbovu.

Nilikusema mbele ya bendi nzima kwamba umenigawia masalia, nzuri umebaki nazo. Saksafoni ilikuwa imelia kama bata aliyekanyagwa, bwana harusi akageuka, nami nikatafuta wa kumbebesha. Wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Sasa sikiliza. Jumanne nilifungua sanduku kwa ajili ya mazoezi. Siku kumi na moja sikuwa nimeligusa. Ridi ilikuwa bado imefungwa kwenye mdomo wa saksafoni, kifuniko juu yake, vilevile nilivyoiacha ikiwa na mate. Kuitoa, ina madoa meusi na manyoya ya kijivu, kama mkate uliosahaulika. Nikakimbilia zile tatu za akiba nilizozifungia kwenye kikopo cha dawa: nazo hivyohivyo. Halafu nikakumbuka ile ya Himo, ncha yake ilivyokuwa na mawimbi. Ilikaa kwenye kikopo hichohicho, mbichi, imeegemea upande. Ndiyo ile ile, kaka. Niliiua mwenyewe.

Yule binti wa klarineti alinicheka mpaka akakaa chini. Baadaye akanionyesha anavyofanya, na nakuambia niliona aibu kwa urahisi wake. Akimaliza kupiga anaitoa ridi palepale, anaisuuza kwa maji safi, anaifuta kwa kidole kutoka kisigino kuelekea nchani, kamwe si kinyume, maana ncha ni nyembamba na nyuzi zake hukatika. Anaiacha ipate hewa kidogo, kisha anailaza kwa upande wake bapa juu ya kipande cha kioo ndani ya kopo lenye matundu. Kioo kwa sababu kimenyooka. Ridi ni tete tu, upande mmoja ukitangulia kukauka inajipinda, na ikijipinda haikai sawasawa kwenye mdomo wa chombo, hewa inavuja, ndiyo yowe lenyewe. Matundu kwa sababu ukiifungia na unyevu wake masika haya, unafuga kuvu.

Ana ridi nne, kaziandika namba kwa penseli, anapiga kwa zamu. Mpya haipigi zaidi ya dakika tano au kumi kwa siku za mwanzo, mpaka izoee kulowa na kukauka. Mimi je? Napiga moja mpaka ife, halafu nachukua nyingine asubuhi ya harusi. Ungeniambia! Au uliniambia? Naogopa uliniambia.

Na kuna ujinga mwingine ambao sijamweleza hata yeye. Kuna mtu aliwahi kuniambia wapigaji wa Ulaya huweka ganda la chungwa ndani ya sanduku ili ridi zisikauke kupita kiasi. Labda kwao, baridi imekausha hewa na nyumba zinapashwa moto. Mimi nikaliweka Aprili, Moshi, mvua ikinyesha! Ganda lenyewe ndilo lililoanza kuota ukungu.

Mama Upendo naye alikuwa na lake: "Unakunywa mtori halafu unapuliza, ulitegemea nini?" Nikanuna, lakini ni kweli. Kuanzia sasa nitasukutua kinywa kwanza, na ridi nitailowesha kwenye kikombe cha maji badala ya kuinyonya. Zilizoota manyoya nimetupa zote. Binti anasema iliyochafuka tu bila kuoza unaweza kuiloweka kidogo kwenye ile dawa ya vidonda inayotoa povu, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, kisha uisuuze sana. Yenye kuvu usiitie mdomoni, basi.

Kwa hiyo sina hata moja. Nilijaribu kuchonga kwa wembe tete la kando ya mto Karanga, ikatoka sauti ya mbuzi. Wafaransa wana matete yao kule Var, kusini, wanayaacha yakauke muda mrefu kabla ya kuyachonga. Mimi nililipa langu siku mbili. Na harusi ya kina Mangi ni wiki tatu zijazo.

Ombi ndilo hilo. Mdogo wako bado anakwenda Nairobi? Akipata boksi moja la ridi za saksafoni ya alto, ugumu namba mbili na nusu, nitakutumia hela kwa simu siku hiyohiyo. Asichukue za tenor, ile saksafoni kubwa zaidi, ni pana, hazinifai. Kuna zile za plastiki zisizooza, natamani, ila bei yake nikimtajia Mama Upendo nitalala na kuku.

Halafu niambie, wewe huko Sakina, Arusha, unazitunzaje? Baridi ya Juni inazifanyaje? Zile ulizobaki nazo, za boksi lile lile, bado zinapiga? Ulimwambia shemeji nilichosema Himo? Ndiyo maana hakuja kwenye kipaimara cha Upendo? Na harusi ya kina Mangi utakuja upige sauti ya pili, au nimtafute mtu mwingine? Sitaki mtu mwingine.

Boksi ukilipata mpe dereva wa Kosta, yule mwenye kofia, nitampokea stendi. Mwambie asiliweke juu ya injini.

Ni mimi,
Baba Upendo