Mabinti wanapigwa, tunaita wivu

Mhariri, naomba nafasi. Huku Mbagala nawaona mabinti wa sekondari wananyang'anywa simu na maboifrendi zao, paswedi wanatoa, meseji zinasomwa palepale kituoni, akibisha anazabwa kibao na wenzake wanacheka eti ndo wivu wa mapenzi. Jamani huo ni ukatili, na huko kukaguana simu ndo kunaanzaga kabla ya kibao. Sisi wazazi tunajua kufoka tu, sasa akipigwa atamwambia nani? Tuwaulize taratibu, na vijana wa kiume tuongee nao pia, tena mapema. Namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure, polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, shule zibandike hayo kila darasa.

Mama wa wawili, Mbagala