Siku tano sakafuni

Busia, Jumapili jioni

Dada Rehema,

Asalaam alaykum. Sauti uliyonitumia niliisikiliza nikiwa nasonga posho, nikacheka hadi mwiko ukanitoka. "Siku tano Kampala kujifunza kulaza watoto chini?" Ndiyo dada, siku tano, na kiuno kinaniuma mpaka leo.

Siku ya kwanza hatukupewa hata daftari. Mkufunzi alitandika mikeka, akatwambia tulale chali, kisha tugeuke kifudifudi polepole bila kujisukuma kwa mikono. Wanawake wazima, wengine na magomesi yao, tunahangaika kama kobe waliopinduliwa! Mmoja alikwama ubavuni akaanza kumwita Yesu. Ndipo tukaulizwa: mwili wako umeanzia wapi kugeuka? Kimya. Tukarudia, safari hii tukijichunguza. Kumbe mimi naanza na macho, kichwa kinafuata, halafu bega, nyonga mwisho. Mwenzangu wa pembeni alianzia gotini. Mtoto wa miezi mitano anaitafuta njia hiyo kutwa nzima, nami miaka sita hii ya kulea watoto wa wanawake wa sokoni namwokota kila anapoguna, nikidhani anateseka.

Siku ya tatu ndiyo iliyonichoma. Tulikalishwa kwenye viti, tukafungwa leso kiunoni, chai ikawekwa pembeni tusikoifikia. Dakika kumi tu. Nikakumbuka vile vigari vyangu vitatu vya magurudumu, vya kukalishia watoto wasiojua kutembea, nilivyokuonyesha kwa fahari, na watoto wa wauza samaki wanavyoshinda humo tangu alfajiri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto mchanga asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, na yule ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, walau nusu saa kwa siku, hata kidogo kidogo. Kulala usingizi ni chali, hilo halijabadilika. Canada walipiga marufuku vigari hivyo mwaka 2004 kwa sababu watoto walikuwa wanaporomoka navyo kwenye ngazi. Mimi sina ngazi, lakini mtaro wangu unaujua.

Ila palitokea ugomvi, na kusema kweli ndio ulionifanya nishike kalamu. Mkufunzi anafuata njia ya Emmi Pikler, daktari wa Hungaria aliyefungua nyumba ya kulea watoto Budapest mwaka 1946. Yeye alishikilia kwamba usimweke mtoto katika mkao ambao hajaufikia mwenyewe. Usimkalishe, usimsimamishe. Bibi mmoja wa Masaka akanyanyuka: "Mimi nimekalisha watoto tisa kwenye beseni na nguo pembeni, tangu miezi mitatu. Yupi kati yao hatembei?" Chumba kizima kikalipuka.

Mkufunzi hakumbishia, nikampenda kwa hilo. Alisema daktari wa Kifaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto wa Kampala miaka ya 1950 akawakuta wanawatangulia wa Ulaya katika kukaa na kutembea. Bibi akaketi kama aliyeshinda kesi. Lakini mimi nililala nikiwaza. Mtoto wa bibi hakushinda kwenye beseni. Alikaa kidogo, akabebwa mgongoni, na mama akipiga hatua shingo ya mtoto inafanya kazi. Akishushwa ni mkekani, katikati ya ndugu zake. Mimi hapa nilibakiza kukalisha tu. Kisha aliyekalishwa na mto hajui njia ya kutoka pale: akiona kijiko mbali kidogo anaanguka kama gunia, halafu analia.

Basi vigari nimevifungia stoo. Mama mmoja alinijia juu: "Nalipa ili mwanangu agaragare chini?" Wake ana miezi kumi na mitatu, hatembei, na jirani ameshamtia maneno ya uchawi. Nikamweleza kwamba Shirika hilohilo la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi tano, Ghana ikiwemo, na wenye afya walianza kutembea kati ya miezi 8 na 17 hivi. Wengine walipita bila kutambaa kwa magoti kabisa. Huyu wake anasimama dede akishika benchi, anacheka, anatumia mikono yote miwili. Ninayemhofia mimi ni yule mdogo wa miezi minane anayefumba ngumi ya kushoto kila wakati. Kesho asubuhi naenda na mama yake kliniki, nimeshamwombea ruhusa kwa mwenye meza yake sokoni.

Sasa shida yangu ni saruji. Mvua zimeanza, sakafu ni baridi na mikeka yangu ni myembamba. Huko Arua mikeka mizito, ile ya kukalia watu msibani, ni shilingi ngapi? Nataka sita. Mpe dereva wa basi, nitampokea mwenyewe.

Msalimie mama sana.

Ni mimi,
Mama Twaha