Shukrani kwa fundi wa viti vya magari wa Ngamiani

Natoa shukrani hadharani kwa fundi wa viti vya magari wa Ngamiani, hapa Tanga, ambaye hakutaka jina lake litajwe. Kitambaa cha dari ya gari ninalompelekea mama hospitali kilikuwa kimelegea hadi kumgusa kichwani. Fundi mwingine alikibandika kwa gundi tu, kikaanguka tena.

Huyu wa Ngamiani alinionyesha unga uliokuwa nyuma ya kitambaa, akaeleza kwamba sponji nyembamba iliyoshikana nacho ilikuwa imeoza kwa joto na unyevu, hivyo gundi yoyote ingeshika unga huo badala ya ubao wa dari ambao kitambaa hubandikwa juu yake. Akafungua taa, vishikio na vizuia jua, akautoa ubao mzima bila kuukunja, kisha akausugua kwa brashi hadi sponji yote ikaisha, kazi ya kuchosha ambayo wengi huiruka. Akapaka gundi inayohimili joto pande zote mbili, yaani kwenye ubao na mgongoni mwa kitambaa kipya chenye sponji yake, akasubiri ikauke kidogo, ndipo akakilaza kutoka katikati kuelekea kingoni.

Aliposikia habari za mama, alipokea gharama ya vifaa pekee. Mafundi wengine, nawasihi: msibandike juu ya sponji iliyooza, mwelezeni mteja hali halisi kabla ya kupokea fedha yake.