Makadirio ya kodi: Mahakama Kuu si pa kuanzia

Mhariri,

Mfanyabiashara akipokea makadirio ya kodi asiyoyakubali, mara nyingi kauli ya kwanza ni "tutakutana mahakamani." Kwa Tanzania, anayekimbilia Mahakama Kuu atarudishwa mlangoni. Mgogoro wa kodi huanzia Bodi ya Rufani za Kodi, na hata Bodi haimsikilizi ambaye hakuweka pingamizi kwanza kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato (TRA).

Pingamizi ni la maandishi, ndani ya siku 30 tangu hati ikufikie, si tangu mhasibu aliporudi safari. Taja kila kipengele unachopinga na kiasi chake. "Kodi ni kubwa mno" si hoja.

Kinachokwamisha wengi ni amana. Unalipa kodi usiyoipinga au theluthi ya makadirio, kiasi kilicho kikubwa. Ukikadiriwa shilingi milioni 24 nawe unakubali milioni 5, unalipa 8. Ukikubali 10, unalipa hizo 10. Kama huna, mwombe Kamishna mapema kwa barua akupunguzie au akusamehe, ueleze sababu na kuambatisha taarifa za benki. Bila amana wala msamaha pingamizi halipokelewi, hata likiwa na hoja nzito kiasi gani.

Uamuzi wa mwisho wa Kamishna juu ya pingamizi ukitoka, taarifa ya kusudio la kukata rufaa ifike Bodi ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Hapa hata mawakili huteleza: zote zinahesabiwa tangu siku ya kupokea uamuzi. Zile 45 hazisubiri 30 ziishe.

Kamishna akikaa miezi sita bila kuamua, makadirio huhesabiwa yamethibitishwa, na hapo unaweza kwenda Bodi. Hili Bunge lilitazame upya. Kenya, siku 60 zikipita kimya, ni pingamizi ndilo huhesabiwa limekubaliwa.

Mzigo wa kuthibitisha ni wa mlipakodi, kwa hiyo risiti za EFD (mashine za kielektroniki za kodi), mikataba na taarifa za benki ziingie mapema. Ukishindwa Bodi, Baraza la Rufani za Kodi linakupa siku 15 za kusudio na 30 za rufaa. Juu yake ipo Mahakama ya Rufani, nayo husikiliza hoja za sheria tu. Risiti uliyoisahau chini haitakufaa kule.

Mshauri wa kodi,
Mwanza