Futa ule mshale wa mwanga

Mwanangu Rehema,

Marahaba, na salamu zako zimenifikia. Umeuliza kama klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ikishanasa mwanga huutoa tena, ndipo jirani yake aunase. Wengi huelezwa hivyo, na michoro mingine huweka hata mshale wa mwanga kati ya molekuli mbili. Mshale huo ufute. Katikati hapo hakuna fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayosafiri.

Fotoni ikinaswa, molekuli husisimka, na chaji zake hutikisika huku na huku. Mtikisiko huo una uga wa umeme unaomfikia jirani. Jirani akiwa na masafa yanayolingana, yeye husisimka na wa kwanza hutulia papo hapo. Chukua vizito viwili vyenye nyuzi za urefu sawa, uvining'inize kwenye kamba moja ya mlalo, kisha usukume kimoja. Kitapunguza mwendo huku cha pili kikianza kubembea, wala hakuna kilichorushwa kati yao.

Ila vizito vyako vitarudishiana mwendo, mara huku mara kule. Molekuli kwa kawaida hazirudishi, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko kwingine kote. Mpokeaji akishasisimka hupoteza sehemu ndogo ya nishati kama joto, kwa mitetemo ya atomu zake, akashuka kidogo. Akishashuka, masafa yake hayalingani tena vizuri na ya mtoaji, na njia ya kurudi inaziba. Hasara hiyo ndiyo inayoipa nishati mwelekeo. Bila hiyo ingezurura tu.

Theodor Förster, Mjerumani, aliipatia hesabu miaka ya 1940. Kasi ya kuhama hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali: umbali ukiwa mara mbili, kasi inabaki sehemu moja ya 64. Kwa jozi nyingi za molekuli za rangi, umbali ambao nusu ya nishati huhama ni nanomita 2 hadi 6 hivi. Mwaka 1967 Stryer na Haugland walifunga molekuli mbili za rangi kwenye ncha za minyororo ya prolini (aina ya asidi amino) ya urefu unaojulikana, wakapima, wakapata kipeo kinachokaribia sita kabisa. Molekuli zikikaribiana sana, chini ya nanomita 1 hivi, kuna njia nyingine, ile ya Dexter ya mwaka 1953, ambamo elektroni zenyewe hubadilishana. Hiyo iache kwanza.

Sasa angalia bakteria wa zambarau, wanaoishi kwa mwanga. Umbo la protini yao ya kunasia mwanga, LH2, lilichapishwa mwaka 1995: bakterioklorofili (klorofili za bakteria) 27 katika pete mbili. Tisa hunasa mwanga wa nanomita 800, na 18 hunasa wa nanomita 850. Kutoka pete ya kwanza hadi ya pili nishati huchukua kama pikosekunde 1, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na asilimia 6 hivi hugeuka joto. Hizo 18 zimesongamana kiasi kwamba msisimko hauna mwenyewe mmoja. Umetapakaa juu ya molekuli kadhaa, na hesabu ya Förster, inayoichukulia kila molekuli kama nukta, hapo haitoshi.

Jaribu hili mwenyewe. Saga majani mabichi ndani ya spiriti, chuja, ingia chumba chenye giza, umulike kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Maji ya kijani yatawaka mekundu. Kisha mulika jani zima: wekundu ule hutauona kwa macho, maana ni hafifu mno. Klorofili ni ile ile. Ndani ya jani nishati ina pa kwenda, yaani kitovu cha mwitikio, ambako elektroni hutengwa na kuanza kazi ya kemia. Ndani ya spiriti haina pa kwenda, ikatoka kama mwanga na joto.

Tena, klorofili za jani zimesongamana mno. Ukizitia kwenye kimiminika kwa msongamano huo huo, huzimana zenyewe kwa zenyewe na nishati yote huishia kwenye joto. Jani haliharibikiwi hivyo kwa sababu protini huishika kila molekuli mahali pake, kwa umbali na pembe maalumu.

Utakutana na wanaodai kuwa siri yote ni mawimbi ya kikwanta. Dai hilo lilipata nguvu mwaka 2007, vipimo vya protini ya bakteria wa kijani kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri vilipoonyesha mapigo ya ajabu. Uchambuzi wa baadaye umeelekeza sehemu kubwa ya mapigo hayo kwenye mitetemo ya kawaida ya molekuli. Mimi ningekushauri uanze na umbali, pembe na ulinganifu wa masafa.

Hayo ndiyo yanayowatesa hata watengenezaji wa paneli za jua za plastiki. Utando unahitaji unene wa nanomita 100 hivi ili unase mwanga wa kutosha, lakini msisimko hutembea kama nanomita 10 tu kabla ya kufa. Kwa hiyo huchanganya mtoaji na mpokeaji wa elektroni ndani ya utando mmoja, ili popote msisimko uzaliwapo, mpaka kati ya hao wawili, ambako elektroni hutengwa, uwe karibu. Zoezi lako la tatu linahusu hilo. Lifanye kabla ya la pili, ni jepesi zaidi.

Ni mimi mama yako.