Mkaguzi wa mazingira atamuuliza nini mfanyakazi wako?

Msimu wa korosho ukikaribia, sisi tunaofanya ukaguzi wa ndani kabla ya ule wa cheti cha mazingira hupigiwa simu zinazofanana na wenye viwanda wa Mtwara na Lindi. Mnunuzi wa nje ametaka cheti cha ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha mfumo wa kusimamia mazingira, mafaili yamepangwa, sera ya mazingira imebandikwa getini, tarehe ya ukaguzi imeshajulikana. Halafu linakuja swali lenyewe: "Hivi ni kweli watazungumza na wafanyakazi? Si tuwatafutie wawili watatu wanaojua kujieleza?"

Watazungumza nao, na hawatakuachia wewe uwachague.

Tuondoe hofu moja mapema. Mkaguzi wa cheti si ofisa wa NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. NEMC inasimamia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na inaweza kukutoza faini. Huyu wa cheti umemwita mwenyewe, na anachopima ni kama mfumo ulioandikwa kwenye mafaili yako ndio unaoendesha kiwanda. Mafaili anaweza kuyasomea hotelini. Anakuja kiwandani kwa sababu ya yale ambayo mafaili hayawezi kumwambia.

Takwa linalogusa wafanyakazi moja kwa moja ni kifungu cha 7.3 cha ISO 14001:2015. Kinataka watu wanaofanya kazi chini ya udhibiti wako wafahamu sera ya mazingira, wafahamu kazi yao inayagusaje mazingira, mchango wao ni upi, na nini kitatokea wasipofuata utaratibu. Soma tena hayo maneno "chini ya udhibiti wako". Hayaishii kwa wenye mkataba wa kudumu. Kibarua wa msimu yumo, mlinzi wa usiku yumo, dereva anayezoa maganda yumo, hata fundi wa jenereta aliyeitwa kwa siku moja yumo. Viwanda vingi hufundisha watu wa ofisini na mafundi wa boila vizuri kabisa, kisha vikasahau kuwa anayeshika taka kila siku ni kibarua aliyeingia juzi.

Na kufahamu sera si kuikariri. Hapa wenye viwanda wengi hujiponza wenyewe. Wanakusanya watu asubuhi, wanawaimbisha sera mstari kwa mstari, kisha mkaguzi anamuuliza mama wa kumenya, "Haya maji ya kuoshea sakafu yanakwenda wapi?" naye anajibu, "Kampuni yetu imejizatiti kulinda mazingira." Jibu hilo halimsaidii mtu. Lingekuwa bora mara kumi jibu la "yanapita mtaro ule, yanaingia kwenye shimo la kuchujia, likijaa namwambia fomeni." Mama huyo hajataja sera hata mara moja, lakini amethibitisha sehemu kubwa ya kile kifungu kinachotaka.

Mahojiano yenyewe si mtihani. Mwongozo wa ukaguzi, ISO 19011:2018, unashauri yafanyike saa za kazi na, inapowezekana, pale pale mtu anapofanyia kazi. Mhojiwa aelezwe kwa nini anaulizwa na kwa nini majibu yanaandikwa, aanze kwa kueleza kazi yake, mwishoni asomewe kilichoeleweka na ashukuriwe. Sisi kwa huku kwetu tunaongeza jambo ambalo halimo kwenye mwongozo: salamu. Wengi wa wanaobangua na kumenya ni akina mama, na wengine ni watu wazima kuliko mkaguzi. Kijana anayefika na kalamu mkononi akiuliza "unaitwa nani, una muda gani hapa" amejifungia mlango. Shikamoo mama, poleni na kazi, habari za tangu asubuhi. Baada ya hapo ndipo maswali. Wakaguzi wetu hawaandiki majina kwenye ripoti. Wanaandika "mfanyakazi wa kumenya, shifti ya mchana", basi.

Swali zuri ni lile ambalo "ndiyo" haitoshi kulijibu. Ukiuliza "Mnajua cha kufanya oili ikimwagika?" kila mtu atasema ndiyo. Uliza "Oili ikimwagika hapa sasa hivi, unaanza na nini?" Atanyoosha mkono kuelekea ndoo ya mchanga, na hapo hapo mkaguzi atatembea hadi kwenye ndoo. Kama imejaa vichungi vya sigara, au haipo, jibu limeshapatikana. Maneno ya mtu peke yake hayatoshi kuandikia hoja, yaani kasoro inayoingia kwenye ripoti. Hulinganishwa na kinachoonekana na kilichomo kwenye kumbukumbu. Akisema alifundishwa mwezi uliopita, daftari la mahudhurio litafunguliwa.

Mfano wa maganda ndio unaoonyesha thamani ya mazungumzo haya kuliko mwingine wowote. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Yakioshwa na mvua yanaingia ardhini na kwenye mitaro. Utaratibu wako unasema maganda yakae chini ya paa hadi yaende boila au yachukuliwe na mnunuzi. Ofisini kila mtu ataapa kuwa ndivyo inavyofanyika. Muulize anayesukuma toroli: "Banda likijaa mnafanyaje?" Atakwambia bila kusita kuwa mnunuzi wa maganda akichelewa wanamwaga nyuma ya ukuta, na kwamba Januari mvua ikikolea pale nyuma hapapitiki. Hajakusaliti. Amekupa taarifa ambayo meneja wako hakuwa nayo, kwamba banda ni dogo kwa msimu mzima na ratiba ya kuyachukua haiendani na kasi ya ubanguaji. Suluhisho linaweza kuwa turubai na simu kwa mwenye lori.

Tatizo ni msimamizi anayesimama nyuma ya bega. Akiwepo, msukuma toroli hana habari yoyote. Tunapofanya ukaguzi wa ndani tunamwomba fomeni atupeleke kwenye eneo, atutambulishe, kisha arudi nyuma mahali anapotuona lakini hasikii tunayozungumza. Wengine hukasirika. Pia hatutumii bosi kuwa mkalimani. Mkaguzi kutoka nje akihitaji mtu wa kumtafsiria Kiswahili, atafutwe asiyehusika na kitengo kile. Na kama mama anajieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde au Kimwera, aachwe ajieleze.

Kuna suala la pesa ambalo wakaguzi wa mjini hawalifikirii. Kama unalipa kwa kilo, kila dakika ya maswali inapunguza ujira wa siku. Mtu atakujibu kwa mkato huku akiangalia karai lake, na ana haki. Ama mlipe muda ule, ama umhoji wakati wa kusubiri mzigo kutoka kwenye tanuri la kukaushia. Sisi tunasisitiza la kwanza.

Mara nyingine utauliza kuhusu taka, ukajibiwa kuhusu glavu zilizochanika na vidole vilivyobabuka. Kwa ukaguzi wa mazingira hilo liko pembeni. Ni la usalama kazini, eneo la OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Mkaguzi anayemkatiza mtu kwa sababu hiyo hatapata jibu lingine la kweli siku hiyo. Tunasikiliza, tunalipeleka kwa mhusika, kisha tunarudi kwenye swali letu.

Hoja ikitokea, usianze kumtafuta aliyesema. Mfanyakazi asipojua la kufanya, kinachochunguzwa ni mafunzo yako, lugha ya bango lako, au fomeni aliyebadilisha utaratibu bila kuandika. Kiwanda kilichomfokea mtu mmoja baada ya ukaguzi kitakuta mabubu ukaguzi unaofuata, na wakaguzi wanaujua ukimya wa namna hiyo.

Huduma yetu kwa hili ni ukaguzi wa ndani kabla ya ule wa cheti. Tunapita kila shifti, ya usiku ikiwemo, tunahoji kwa Kiswahili, tunakukabidhi ripoti fupi inayotenganisha yanayorekebishika kesho na yanayohitaji bajeti. Hatumfundishi mtu majibu. Anayetaka hivyo atafute mwingine.

Tuiteni wakati vibarua wa msimu wameshaingia na kuzoea kazi, kwa sababu hao ndio watakaoulizwa. Tukija kiwanda kikiwa kitupu tutahoji mlinzi na paka wake. Siku tunayofika tunahitaji ratiba ya shifti, orodha ya vitengo vyote pamoja na wakandarasi, daftari la mafunzo, na fomeni aliyeshaelezwa kuwa atasimama mbali kidogo. Wenye mashamba ya chumvi na karakana za magari nao wanakaribishwa. Maswali hubadilika, utaratibu ni ule ule.